Disiki ikikataa kufungua foto: usiiformate, lango tu ndilo limefungwa

KASONGO. Tuchukue mfano wa fundi wa foto mwenye kibanda karibu na soko la Kasongo. Kwa miaka sita amechunga kazi yake yote ndani ya disiki moja ya inje: ndoa, ubatizo, Idi, foto pasipoti, sherehe za mwisho wa mwaka wa masomo. Siku moja ordinatere yake inakufa. Anatafuta ingine ya okazyo, anachomeka disiki, anabonyeza folda ya foto, na kioo kinamjibu: "Vous ne disposez pas actuellement des autorisations nécessaires pour accéder à ce dossier." Maana yake: huna ruhusa ya kuingia humu.

Wakati huohuo mama mmoja wa kutoka Kabambare amesimama mlangoni. "Papa fundi, ile foto ya muzee wetu iko? Kilio ni kesho kutwa." Walipokimbia hawakubeba albumu. Foto ya pekee ya mzee iliyobaki ni ile iliyo ndani ya disiki.

Rafiki wa fundi anatoa shauri: "Formata tu, itakuwa sawa." Hapo ndipo hatari ilipo. Disiki itakuwa sawa kweli, lakini tupu.

Fundi huyu ni wa mfano, lakini lile neno la kioo ni la kweli, na mafundi wengi wa Kasongo, Samba, Kabambare na Salamabila wamekwisha kulisoma. Familia nyingi za huku zilipoteza foto za karatasi wakati wa vita vya 1996 na 1998, na wengine katika kukimbia kwa miaka ya karibuni. Kwao, disiki ya fundi ndiyo albumu iliyobaki. Ndiyo maana inafaa kujua neno hilo linasema nini, na halisemi nini.

Mlinzi na daftari lake

Disiki nyingi zinazotumiwa na Windows zimepangwa kwa mtindo unaoitwa NTFS, uliotoka mwaka 1993. Katika mtindo huu kila folda ina mlinzi mwenye daftari. Ndani ya daftari kumeandikwa nani ni mwenye folda, nani anaweza kusoma, nani anaweza kuandika ao kufuta.

Shida ni kwamba mlinzi haandiki majina. Anaandika namba ndefu ambayo ordinatere ilimpa mtumiaji siku ile jina lake lilipoandikishwa. Ordinatere mupya inatoa namba mupya. Hata ukiandika jina lilelile na neno la siri lilelile, kwa mlinzi wewe ni mgeni. Anafungua daftari, hakuoni, anafunga lango.

Kwa hiyo foto hazijapotea wala kuharibika. Ziko palepale zilipokuwa. Kilichobadilika ni namba yako tu.

Kwanza soma kioo vizuri

Kabla ya kugusa kitu, soma maneno yaliyo kwenye kioo, ao mwombe anayejua Kifaransa akusomee. Shida mbalimbali zinafanana kwa macho, lakini dawa yake si moja.

Kioo kikisema "autorisations nécessaires" ao "Accès refusé", ni jambo la ruhusa. Endelea kusoma, dawa iko hapa chini.

Kikisema "Le fichier ou le répertoire est endommagé et illisible", daftari la disiki lenyewe limeumia. Mara nyingi ni kwa sababu disiki ilichomolewa ikiwa inaandika, ao jenereta ilizimika katikati ya kazi. Hapa usibadilishe ruhusa. Acha kuitumia, usiandike kitu juu yake, utafute fundi mwenye programu ya kuokoa faili.

Kikisema "Vous devez formater le disque", jibu ni "Annuler". Usikubali kwa haraka. Pima kwanza kamba ingine, shimo lingine la USB, ordinatere ingine.

Na kama disiki inalia tik-tik-tik kama saa, izime. Hiyo ni shida ya chuma chenyewe, hakuna ruhusa itakayoiponya.

Namna ya kufungua lango kwenye Windows

Hakikisha umeingia kwa jina lenye nguvu za administrateri. Hakikisha pia batri imejaa ao umeme wa panô unatosha, kwa sababu kwenye folda yenye maelfu ya foto kazi inaweza kuchukua muda mrefu. Ikikatika katikati, nusu ya folda itafunguka na nusu itabaki imefungwa, na utalazimika kuanza tena.

Njia ya kwanza ni nyepesi. Kwenye lile dirisha la onyo kuna kitufe cha "Continuer". Kibonyeze, ungoje. Mara nyingi Windows inaandika namba yako mupya ndani ya daftari, na kazi imekwisha.

Ikikataa, fuata njia ya pili:

1. Bonyeza folda ya foto kwa kitufe cha kuume cha panya, chagua "Propriétés", kisha "Sécurité", kisha "Avancé".
2. Juu utaona "Propriétaire", yaani mwenye folda. Pengine pameandikwa namba ndefu inayoanza na S-1-5: hiyo ndiyo namba yako ya zamani. Bonyeza "Modifier".
3. Andika jina lako la kwenye ordinatere hii, bonyeza "Vérifier les noms", kisha "OK".
4. Weka alama kwenye mstari unaosema kubadilisha mwenye mpaka kwenye folda ndogo na faili zote za ndani. Bila alama hii utafungua mlango wa inje peke yake, vyumba vitabaki vimefungwa.
5. Bonyeza "Appliquer", ufunge madirisha yote, urudi tena palepale. Sasa ongeza jina lako na ulipe "Contrôle total", halafu upeleke ruhusa hiyo mpaka kwenye vitu vya ndani.

Onyo moja kubwa: fanya hivi juu ya folda ya foto tu. Usifanye juu ya disiki C nzima, kwa sababu Windows yenyewe inategemea madaftari yake na inaweza kukataa kuamka.

Lango likifunguka, kabla ya furaha, kopi kwanza. Foto ambayo mama anangojea ipeleke kwenye flashi, na folda nzima ipeleke mahali pengine.

Foto zinafunguka, lakini programu inakataa

Hii inachanganya watu wengi. Fundi anaona foto moja moja bila shida, lakini programu anayopangia foto, kwa mfano Lightroom, inakataa kufungua katalogi. Sababu ni kwamba programu ya namna hiyo haisomi tu. Kila mara inaandika kitu: alama, maelezo, foto ndogo za kuonyesha. Ikiwa una ruhusa ya kusoma peke yake, programu inagoma. Dawa ni kupata ruhusa ya kuandika pia, ao kukopi katalogi ndani ya ordinatere na kuifungulia huko.

Angalia pia kadi ya aparei. Pembeni mwa kadi za SD kuna kiteleza kidogo. Kikishuka upande wa kufunga, hakuna kitakachoandikwa juu ya kadi, na hakuna programu itakayobadilisha hilo. Kisukume kwa ukucha.

Wenye Mac wana shida mbili za kwao. Ya kwanza: Mac inasoma disiki ya NTFS, lakini yenyewe haiandiki juu yake. Disiki haijaharibika, ni desturi tu. Ya pili: maktaba ya programu ya Photos, ikiwekwa kwenye disiki ya inje, inataka disiki iliyopangwa kwa mtindo wa Mac wenyewe. Ikigoma kufunguka, shika vitufe vya Option na Command pamoja huku ukiifungua programu, nayo itakuuliza kama unataka kuitengeneza maktaba.

Folda zikigeuka njia za mkato

Kuna shida ingine inayovaa nguo za ruhusa. Unafungua flashi iliyotoka kwa mteja, na badala ya folda unaona njia za mkato ambazo hazifunguki. Hii ni kazi ya virusi: imeficha folda za kweli na kuweka za uongo. Usibonyeze hata moja. Safisha kwanza kwa programu ya kuua virusi, kisha fungua dirisha la amri na uandike (kama disiki yako ni E):

attrib -h -s -r E:\*.* /s /d

Folda zitarudi kuonekana. Ukiona pia folda ya "System Volume Information", iache, hiyo ni ya Windows.

Ili kesho usirudi hapa

Disiki inayosafiri juu ya pikipiki kati ya Kabambare na Kasongo na kupita mikononi mwa mafundi watatu, afadhali ipangwe kwa mtindo wa exFAT. Huko hakuna mlinzi wala daftari: Windows na Mac zote zinasoma na kuandika. FAT32 pia haina mlinzi, lakini haikubali faili moja ya kupita gigabaiti 4, na video ya ndoa inazipita haraka. Kumbuka kwamba kubadilisha mtindo kunafuta vyote, kwa hiyo kopi kwanza. Na exFAT inaumia upesi ukiichomoa vibaya: agana na disiki kwenye kioo kabla ya kuitoa.

Disiki moja si akiba. Chunga kopi mbili, na zisilale nyumba moja.

Na jambo la mwisho, ambalo si la ufundi tu. Umeona jinsi ilivyo rahisi kujiandika mwenye wa folda. Mwizi wa disiki anaweza kufanya vilevile. Ruhusa si siri, ni mlango wa mtu anayeheshimu mlango. Ndani ya disiki ya fundi kuna nyuso za watu, watoto, na familia ambazo pengine hazitaki kujulikana zimekimbilia wapi. Ukitaka kuzifunga kweli, tumia programu ya kufunga disiki nzima kwa neno la siri. Lakini neno hilo uliandike kwenye karatasi na kulichunga mahali salama, kwa sababu likipotea, hapo lango litakuwa limefungwa kweli, hata kwako.

Turudi kwa mama wa Kabambare. Kama fundi amefuata "Continuer", akangoja dakika zake, foto ya mzee itatoka leo jioni na kilio kitaikuta ukutani. Kama amefuata shauri la rafiki, atakuwa na disiki nzuri kabisa, na neno gumu la kumwambia mama.