Ujumbe Bandia wa Malipo na Msimu wa Korosho

Katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, fedha nyingi humfikia mkulima kwa misimu, kwa kuwa ufuta na korosho huuzwa kwa minada kupitia vyama vya msingi vya ushirika, maarufu kama AMCOS, vilivyo chini ya chama kikuu cha RUNALI, ambacho jina lake limeundwa kutokana na Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Bei za mnada hutangazwa hadharani, kama inavyostahili, kisha mkulima hubaki akisubiri malipo yaingie benki. Muda huo wa kusubiri tapeli naye anaujua, na mtu anayetarajia ujumbe wa fedha huwa ameshauamini nusu kabla haujafika.

Hila ya kughushi ujumbe wa namna hiyo ilikomaa kwanza katika barua pepe. Kanuni za kusafirisha barua hizo, zilizochapishwa mwaka 1982, hazikuweka hatua yoyote ya kuhakiki mtumaji, hivyo jina linaloonekana juu ya barua huandikwa na mtumaji mwenyewe, sawa na jina linaloandikwa nyuma ya bahasha. Mwaka 2000 watumiaji wa huduma ya malipo ya PayPal walitegwa kwa anwani ya paypai.com, ambayo herufi yake ya mwisho kabla ya nukta, ikiandikwa kwa umbo kubwa, haitofautiki kwa macho na herufi iliyo katika jina halisi. Baadaye wataalamu walibuni njia za kuiwezesha seva inayopokea barua kuthibitisha kwamba kikoa, yaani anwani ya taasisi katika intaneti, kimeidhinisha kweli barua hiyo. Lakini kinga hiyo haimzuii tapeli aliyesajili kikoa chake mwenyewe chenye jina linalofanana, kwa sababu barua yake hupita ukaguzi wote bila dosari.

Nachingwea na Ruangwa mtego huohuo huja zaidi kwa ujumbe mfupi wa simu, kwa kuwa tangu huduma ya fedha kwa simu ya M-Pesa ilipoanza nchini Tanzania mwaka 2008 simu ndiyo pochi ya watu wengi. Ujumbe husomeka "Umepokea Tsh 150,000", ukiwa na namba ya muamala na salio jipya, ila umetoka kwenye namba ya kawaida ya simu, na dakika chache baadaye hupiga mtu akilalamika kwamba amekosea namba na kuomba arudishiwe hela yake. Hapa pana jambo la kiufundi ambalo kila mwenye simu anapaswa kulifahamu: salio halikai ndani ya simu bali katika seva za kampuni ya simu, na ujumbe ni taarifa tu, isiyoweza kuongeza wala kupunguza hata shilingi moja. Anayepiga *150*00# na kuangalia salio la M-Pesa anaiuliza seva yenyewe, na jibu lake halipiti mikononi mwa tapeli. Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" hauhitaji hata ufundi wa kughushi muamala, kwani ukitumwa kwa watu wengi hautakosa kumkuta mmoja aliyekuwa kweli anataka kumtumia ndugu yake fedha.

Serikali imechukua hatua, ikiwemo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 na usajili wa laini kwa alama za vidole, ambao ulifanya laini zisizosajiliwa zianze kuzimwa Januari 2020. Hata hivyo, laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha mtu mwingine bado humficha mhalifu, na ndiyo maana ni muhimu kila mwananchi kupiga *106# ili kuona namba zilizosajiliwa kwa jina lake.

Si haki kumwita aliyetapeliwa mjinga, kwa maana aibu hiyo humfanya anyamaze, na ukimya wake humwacha tapeli aende kwa jirani. Viongozi wa AMCOS, wanaposoma bei za mnada mbele ya wanachama, wasome pia ujumbe wa kitapeli uliopokelewa kijijini wiki hiyo, na namba iliyoutuma iripotiwe kupitia namba 15040.