Tawakali na Kamba ya Ngamia

Sisi watu wa Kasingirima tumelelewa na Ziwa Tanganyika. Hutupa dagaa na migebuka, na njia ya kusafiria. Lakini ziwa hili, ambalo kina chake chapita mita 1,400, huua pia, na kila azamapo mtu twasema, "Ni kadari." Kweli ni kadari, walakini Mtume (s.a.w.) alimwelekeza bedui amfunge ngamia wake kwanza, ndipo amtegemee Mwenyezi Mungu. Je, kamba yetu iko wapi?

Shirika la Afya Duniani lakadiria kuwa watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021. Mwaka 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, Ziwa Victoria, kikiwa kimepakia kupita kiasi; zikapotea roho zaidi ya 200.

Wako wazazi wasemao kwamba kuogelea si adabu kwa msichana. Huko Nungwi, Unguja, wasichana wamefundishwa kuogelea na kuokoana, nao wamevaa mavazi ya sitara. Ni adabu gani, basi, imwachayo binti azame akiteka maji?

Yatupasa mtoto mdogo asiachwe mwaloni bila mtu mzima. Vijana, wake kwa waume, wafundishwe kuogelea, kila kundi mahali pake. Mvuvi avae jaketi okozi. Abiria akatae chombo kilichojaa. Na mzee ashikwe mkono apandapo na ashukapo. Nasi walimu wa madrasa tuyafundishe hayo pamoja na udhu na sala.

Tukiisha kufunga kamba, ndipo tuseme: tumetawakali.