Uyoga wa gizani na saa moja ya jua

Maswali ya uyoga tunayoletewa na wasomaji yamejaa neno moja: dawa. Unga wa kutibu saratani, vidonge vya kushusha sukari, kahawa ya kusafisha damu. Hakuna uyoga uliothibitika kuponya saratani kwa binadamu, na anayemshawishi mgonjwa aache insulini kwa ajili ya kopo la unga anamsogeza kaburini. Inaniuma, kwa sababu uyoga una sifa zake za kweli na hauhitaji kusingiziwa.

Uyoga wa mamama (oyster) hauhitaji shamba. Mabua ya mpunga au majani makavu ya mgomba yaliyokatwakatwa huchemshwa kwenye pipa, yakipoa hushindiliwa mifukoni pamoja na mbegu, kisha mifuko huwekwa gizani wiki tatu hivi mpaka utando mweupe uenee kote. Kilo moja ya mabua makavu huweza kutoa nusu kilo mpaka kilo nzima ya uyoga mbichi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameotesha hata uyoga wa kienyeji kwenye mabaki ya mkonge. Ukikumbuka kwamba singa za mkonge ni kama asilimia 4 tu ya uzito wa jani, utaona ni mali kiasi gani inayotupwa.

Tatizo la mkulima ni soko. Uyoga mbichi hunyauka ndani ya siku chache, na mnunuzi analijua hilo anapopanga bei. Dawa yake ni kuukausha, na hapo ndipo penye jambo linalonivutia kuliko yote.

Utando wa seli za uyoga una ergosteroli mahali ambapo seli zetu zina kolesteroli. Miale ya jua ya UVB ikiigonga, pete moja ya molekuli hiyo hufunguka, kisha joto huisukuma ijipange upya na kuwa vitamini D2. Hakuna kimeng'enya kinachohusika, kwa hiyo uyoga uliokwisha kuchumwa na kukatwa vipande bado unaitengeneza. Uliokulia gizani bandani huwa karibu hauna vitamini hiyo. Uanike jua la mchana robo saa hadi saa moja, na gramu 100 za uyoga mbichi kwa kawaida hupata mikrogramu 10 au zaidi, wakati mtu mzima anahitaji kama 15 kwa siku. Ukate vipande, ugeuze mikunjo ya chini ya kofia itazame juu, maana huko ndiko kwenye eneo kubwa la kupokea miale. Usiuanike nyuma ya kioo: kioo cha dirisha huzuia UVB. Ukishakauka, uhifadhi kwenye chombo kikavu, gizani.

Kuna pia ule usemi kwamba uyoga una protini kushinda nyama. Umetokana na kulinganisha uyoga mkavu na nyama mbichi. Uyoga mbichi ni maji kwa asilimia 90 hivi, na protini yake ni gramu 3 tu katika 100. Ni mboga nzuri sana ya kulia ugali, ila maharage yabaki mezani. Wala usiutegemee kwa vitamini B12.

Mkulima avae barakoa wakati wa kuvuna, kwani vumbi la spora za uyoga hudhuru mapafu. Mlaji aupike uive.

Na wa porini? Kitunguu kutobadilika rangi sufuriani hakuthibitishi chochote, wala konokono kuula. Sumu ya amatoksini, iliyomo katika baadhi ya uyoga huo, haivunjwi na moto. Kutapika na kuhara huanza saa 6 hadi 24 baada ya kula, kisha mgonjwa hupata nafuu ya siku moja au mbili huku ini likiendelea kuharibika. Mpelekeni hospitali hata akisema amepona, na mchukue mabaki ya uyoga alioula.