Kabla ya Nganya Kulikuwa na Mizinga: Hawa Wakulima wa Slovenia Walichora Noma

Kama unadhani ni wasee wa matatu walioanza hii stori ya kuchora chombo cha kazi mpaka watu wanageuka shingo, pole. Kuna nchi ndogo Ulaya inaitwa Slovenia, na wakulima wake walikuwa wanafanya hivyo kwa mizinga ya nyuki tangu karne ya 18.

Michoro yao unaipata Radovljica, kwenye Makumbusho ya Ufugaji Nyuki, ambayo yalianzishwa 1959 na yako ndani ya jumba la kifahari la kitambo. Najua unajiuliza nani analipa kiingilio aone mizinga mikuukuu. Ngoja kwanza.

Mzinga wa zamani wa huko unaitwa kranjič. Huku kwetu mzinga wa asili ni gogo lililochimbwa ndani, linaning'inia mtini. Wao walikuwa na sanduku bapa la mbao. Unapanga moja juu ya lingine kama kreti za soda, na maua yakiisha hapa unapakia zote kwa mkokoteni unafuata maua ya kwingine. Mbele kuna kaubao kanakotoka, urefu karibu sawa na rula ya shule. Hapo ndipo wasanii walipiga kazi, na rangi zao zilichanganywa na mafuta ya mbegu za kitani, ndiyo maana vibao vilistahimili jua na mvua miaka na miaka.

Sasa, mbona uchore nyuki nyumba? Sababu moja ni ya kawaida kabisa: ukiwa na masanduku ishirini yanayofanana, utajuaje ni gani limetoa bumba leo? Unasema tu, ni lile la Mtakatifu Florian. Watu pia waliamini picha inamsaidia nyuki kurudi keja yake bila kupotea. Hapo kuna ukweli kidogo. Nyuki anaona rangi, ingawa nyekundu kwake ni kama giza tu. Lakini nyuki hana haja na stori iliyo kwenye picha. Hiyo ilikuwa ya majirani na wapita njia.

Na stori zilikuwa moto. Michoro tofauti zaidi ya 600 imetambuliwa. Mingi ni ya dini: Bikira Maria, watakatifu, Ayubu na mateso yake. Halafu kuna ile ya kuchekesha. Wanyama wamebeba jeneza la mwindaji wakienda kumzika, maze, wamefurahi kuliko waombolezaji wote uliowahi kuona. Shetani anamnoa mwanamke ulimi kwenye jiwe la kunolea. Kuna kinu ambacho wanaume wanatupa wake zao wazee juu, chini wanatoka wasichana wabichi. Tuseme ukweli, mingi ya hii ni wanaume wakiponda wanawake, hakuna haja ya kuipamba. Lakini inakuonyesha kijiji kilicheka nini zaidi ya miaka 150 iliyopita, na wengi waliochora hawajulikani hata jina.

Msee mmoja wa huko anajulikana vizuri: Anton Janša. Alizaliwa 1734 kwa wakulima, na alikuwa mchoraji kabla nyuki hawajamteka. Mwaka wa 1770 Malkia Maria Theresa alimpa kazi ya kufundisha ufugaji nyuki Vienna, mwalimu wa kwanza kabisa wa aina hiyo huko. Wakati huo watu walidhani nyuki dume kazi yake ni kubeba maji. Janša akakataa, akasema wale ni waume wa malkia na mambo yao wanamalizia hewani. Alikuwa sahihi. Alifariki 1773, miaka mitatu tu kazini.

Siku ya Nyuki Duniani, Mei 20, imewekwa kwa sababu yake. Slovenia ndiyo ilipeleka ombi Umoja wa Mataifa, likapita 2017, na sherehe ya kwanza ikafanyika 2018. Mwaka wa 2022 UNESCO nayo ikaweka ufugaji nyuki wa Slovenia kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Hii ni nchi ya watu kama milioni mbili hivi, kumbuka.

Kilichomaliza ile sanaa ni mzinga mpya tu. Mwanzoni mwa karne ya 20 kulikuja mzinga unaofunguliwa kwa nyuma, unatoa masega moja moja bila kuvuruga nyumba yote. Asali ikawa rahisi kuvuna, na hakuna mfugaji mwenye akili angekataa. Kranjič ikawekwa kando, na kaubao ka mbele kakakosa kazi. Mizinga ya sasa bado inapakwa rangi, lakini rangi kavu tu, buluu hapa, njano pale. Shetani na jiwe lake hayuko.

Hapa Nairobi grafiti ya nganya inafutwa kila gari likibadilisha mwenye au likipeleka bodi upya, na sijaona nani anaweka milango ya zamani mahali. Kule Radovljica vile vibao vimetundikwa ukutani, unasimama mbele ya kimoja unakisoma kama katuni ya gazeti. Na hatua chache kutoka hapo kuna mzinga wa kioo wenye nyuki hai, wa kijivu, wale wapole wa kienyeji ambao ndio pekee sheria ya Slovenia inaruhusu kufugwa. Msimu ukiwa mzuri unawaona wakiingia na kutoka kwa tundu lao la ukutani, hawana habari na wewe.