Wagombea wa bodi ya chama cha filamu: mwenye mtaji aulize nini?

Pamba inapolipwa, fedha huzunguka mjini Bunda, na sehemu yake huingia katika burudani: vibanda vya video, ving'amuzi na siku hizi vifurushi vya simu. Wapo pia wafanyabiashara wanaochangia gharama za filamu za vijana wa hapa Mara. Kwa watu hao, majina yanayopendekezwa kuingia katika bodi ya chama cha filamu cha mkoa yanagusa mtaji wao moja kwa moja.

Kwanza, bodi mbili zisichanganywe. Bodi ya Filamu Tanzania ni chombo cha Serikali kilichotokana na Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Namba 4 ya mwaka 1976. Hutoa vibali vya kupiga filamu na kupanga madaraja yake, na wajumbe wake huteuliwa. Chama cha filamu ni umoja wa hiari, kama vile vilivyoungana kitaifa katika Shirikisho la Filamu Tanzania (TAFF). Bodi ya chama huchaguliwa na wanachama kwa mujibu wa katiba yao.

Tofauti na kampuni ni kubwa zaidi. Katika kampuni, mwenye hisa nyingi ana kura nyingi. Katika chama, kila mwanachama ana kura moja, na aliyechangia filamu bila kuwa mwanachama hana kura hata moja. Hata hivyo, bodi hiyo ndiyo huzungumza na wasambazaji, huandika barua za utambulisho na kutetea bei ya kazi za wanachama.

Bei hiyo ina historia. Baada ya filamu "Girlfriend" ya mwaka 2003, soko la filamu za Kiswahili lilikua haraka, lakini usambazaji ulibaki mikononi mwa wachache jijini Dar es Salaam. Watayarishaji wengi waliuza masta, yaani haki zote kwa malipo ya mara moja. Stempu za kodi zilizoanza kubandikwa kwenye kazi za filamu na muziki mwaka 2013 zililenga kuzuia nakala bandia, lakini hazikumrudishia haki aliyekwisha kuziuza.

Tuchukue mfano. Wachangiaji kumi wametoa Sh 800,000 kila mmoja; filamu imegharimu Sh 8,000,000. Masta ikiuzwa kwa Sh 10,000,000, kila mmoja anapata Sh 1,000,000 na hesabu imefungwa. Kituo cha televisheni kikiinunua baadaye, fedha ni za msambazaji. Njia ya pili ni kukodisha haki kwa muda. Kituo cha kwanza kikilipa Sh 6,000,000, wachangiaji bado wana pengo la Sh 2,000,000. Wa pili akilipa Sh 5,000,000, wamepata faida ya Sh 3,000,000 na filamu bado ni yao. Asipopatikana wa pili, pengo linabaki. Kwa hiyo njia ya pili inafaa tu pale chama kinapokuwa na watu wanaojua kutafuta wanunuzi.

Hapo ndipo wagombea wapimwe. Je, mgombea ni msambazaji, au ana ubia na msambazaji? Kama ndiyo, atakaa pande zote mbili za meza bei inapojadiliwa. Katiba imtake atangaze maslahi yake na kutoka nje ya kikao. Je, amewahi kusimamia mkataba wa kukodisha haki? Je, yuko tayari hesabu za mapato na matumizi zisomwe mbele ya wanachama kila mwaka? Sura inayojulikana kwenye runinga haijibu hata moja kati ya maswali hayo.

Asiye na kura ategemee karatasi. Mkataba wa mchangiaji utaje fungu lake, nani mwenye hakimiliki, na kwamba masta haiuzwi bila ridhaa ya wachangiaji walio wengi. Barua ya chama si dhamana ya fedha. Mfanyabiashara asiyekubali kupeleka pamba kwenye mzani bila kuchukua stakabadhi, asipeleke fedha kwenye filamu bila mkataba.