Kusawazisha Mteremko: Upasuaji wa Goti la Mbwa

Mbwa mkubwa anapoanza kuchechemea mguu wa nyuma, aghalabu mwenyewe hudhani amechomwa na mwiba. Mbwa hupumzishwa, hupata nafuu, kisha huchechemea tena. Hali hiyo ikijirudia, kiini chake huenda kimo ndani ya goti, kwenye ukano msalaba wa mbele.

Kano msalaba ni mbili, nazo hupishana katikati ya goti; ndiyo asili ya jina hilo. Ule wa mbele huuzuia mfupa wa muundi usisukumwe mbele ya mfupa wa paja. Mbele ya kano hizo kuna pia ya goti, yaani kilegesambwa, neno ambalo mwanafunzi wa lugha hakosi kumsikia mbwa mkiani mwake, iwe ni sadfa au la.

Kwa mwanadamu, ukano huu hukatika ghafla, hasa uwanjani. Kwa mbwa mambo ni tofauti. Nyuzi zake huchakaa polepole na kuachia moja baada ya nyingine, hata siku ya mwisho mbwa akaukata kwa kuruka ngazi moja tu. Kwa hivyo madaktari huzungumzia ugonjwa wa ukano, wala si jeraha tu. Mbwa wa jamii ya Labrador, Rottweiler na Newfoundland huathirika zaidi, na unene huzidisha hatari.

Chanzo kimoja kimo katika umbo la goti lenyewe. Mtu husimama goti likiwa limenyooka. Mbwa husimama goti likiwa limekunjwa. Isitoshe, uso wa juu wa muundi wa mbwa huinama kuelekea nyuma, kwa wengi kiasi cha digrii 25 hivi. Kila mbwa anapokanyaga, mfupa wa paja hutaka kuteremka nyuma na muundi hutaka kuchomoka mbele. Ni mfano wa mkokoteni uliofungwa kamba mlimani: siku kamba ikikatika, mkokoteni hauna budi kuporomoka.

Kwa miongo kadhaa wapasuaji walishughulikia kamba. Mwaka wa 1952 Saki Paatsama wa Finland alieleza namna ya kupitisha ukanda wa utando wa paja ndani ya goti ili ushike nafasi ya ukano. Baadaye uzi wa nailoni ulifungwa nje ya kiungo, mbinu ambayo bado inawafaa mbwa wadogo. Kwa mbwa wa kilo 40, hata hivyo, uzi hulegea au hukatika. Ndipo Barclay Slocum, daktari wa mifugo wa Eugene, Oregon, nchini Marekani, alipouliza swali jingine: kwa nini mlima usisawazishwe? Upasuaji aliouchapisha mwaka wa 1993 hauugusi ukano kabisa. Hukata kichwa cha muundi kwa msumeno wa duara, hukizungusha, kisha hukikaza kwa bamba la chuma na skurubu.

Hapa ndipo hesabu inapotawala mkono. Tuseme mteremko ni digrii 25 na shabaha ni digrii 5. Kwa msumeno wenye nusu kipenyo cha milimita 24, kichwa cha mfupa kitazungushwa takribani milimita 8.4. Kosa la milimita 1 ni kosa la digrii 2 na zaidi. Kikizungushwa pungufu, muundi utaendelea kusukumwa mbele. Kikizidishwa, mzigo utauelemea ukano wa nyuma, ambao ni mzima. Msumeno ukipita karibu mno na ukingo wa mbele, kifundo kinachoshikilia kano ya pia ya goti hubaki chembamba na huweza kuvunjika. Nyuma ya mfupa nako kuna mshipa mkubwa wa damu. Hata picha ya eksirei inayopigwa kabla ya yote haina budi kuwa sahihi, kwa maana mguu uliolazwa upande kidogo hutoa pembe ya uongo.

Bila shaka kuna gharama: mfupa mzima hukatwa kwa ajili ya ukano uliokwisha kukatika. Hata hivyo, utafiti uliolinganisha mbinu hizi mbili na kuchapishwa mwaka wa 2013 ulionyesha kwamba mbwa waliosawazishwa mteremko waliutumia mguu vizuri zaidi mwaka mmoja baadaye kuliko wale waliofungwa uzi. Baridi yabisi huweza kuendelea kwa vyovyote vile, na gegedu zenye umbo la hilali ndani ya goti, zikiwa zimechanika, hukaguliwa na kupunguzwa siku hiyo hiyo.

Baada ya hapo kazi humwangukia mwenye mbwa. Kwa wiki 8 hivi, mbwa hutembezwa kwa kamba tu, hakimbii wala haruki, hadi eksirei nyingine ionyeshe kwamba mfupa umeunga. Katika muda huo goti la upande wa pili huchunguzwa pia, kwani mbwa wengi waliokatika ukano mmoja hukatika wa pili.