Wanyama wanaodumu bila oksijeni, na hatari ya kulala na jiko

BARIDI ya Julai inapozidi mtaani Waithaka, magharibi mwa Nairobi, zipo familia ambazo huingiza jiko la makaa chumbani, zikafunga milango na madirisha, kisha zikalala. Makaa yanayoungua pasipo hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hujishikiza kwenye himoglobini ya damu na kuinyima oksijeni nafasi yake. Seli za ubongo wa binadamu zikikosa oksijeni huanza kufa baada ya dakika chache tu.

Hata hivyo, wapo wanyama wanaostahimili ukosefu wa oksijeni kwa muda mrefu zaidi, na siri yao imo ndani ya seli.

Seli huhitaji nishati kila wakati ili kusawazisha chumvi zilizo ndani na nje yake. Oksijeni ikikatika, nishati huisha, chumvi na maji huingia ovyo, na seli huharibika. Ikivunja sukari bila oksijeni, hupata nishati haba na kubakia na mzigo wa asidi.

Kobe mmoja wa majini wa Amerika Kaskazini hukaa chini ya barafu zaidi ya miezi mitatu bila kuvuta pumzi. Baridi humsaidia, kwani hupunguza mahitaji ya seli zake, nalo gamba lake hutoa madini yanayozimua asidi. Aina fulani ya kambare mamba wa Ulaya? La, ni samaki wa jamii ya kapu, ambaye huigeuza taka hiyo kuwa pombe na kuitoa majini kupitia matamvua.

Hapa kwetu yuko fuko uchi, mkazi wa nyanda kame za Kenya, Ethiopia na Somalia. Huyu si yule fuko mwenye manyoya anayeharibu viazi vitamu mashambani, wala hapendi baridi; uwezo wake unahusishwa na maisha ya kusongamana mashimoni. Mnamo 2017, watafiti wakiongozwa na Thomas Park wa Chicago na Gary Lewin wa Berlin walieleza kwamba fuko huyo alidumu dakika 18 bila oksijeni yoyote, ilhali panya hufa kwa dakika moja hivi. Ubongo na moyo wake huacha kutegemea glukosi na kutumia fruktosi, ambayo hupita njia isiyofungwa na uhaba wa oksijeni. Wanasayansi wanatumai maarifa hayo yatawafaa wagonjwa wa kiharusi na mshtuko wa moyo.

Ubongo wa binadamu hauna akiba ya namna hiyo. Kwa hivyo, jiko libaki nje. Anayepatwa na maumivu ya kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu karibu na makaa atolewe mara moja penye hewa safi na kupelekwa hospitalini.